Mbwa wa Sokoni Awasi Nao Wahitaji Makao

Ukiteremka Awasi jioni, pale barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kericho inapoachana na ile ya Chemelil, utaona mbwa wakizunguka mabucha na majaa, kama ilivyo katika masoko mengi humu nchini. Hawana jina wala mwenyewe. Mchana hufukuzwa kwa mawe, usiku hutembea makundi makundi. Paka nao hawako mbali. Tumewazoea hata hatuwaoni. Hata hivyo, wanyama hawa ni suala la afya ya binadamu, na dawa yake si sumu wala rungu, bali ni matunzo.

Kichaa cha mbwa si mgeni kwetu. Kiliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Mtu wa kwanza kuripotiwa kuugua, mwaka wa 1928, alikuwa mwanamke wa huku huku eneo la Ziwa Victoria. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Je, tuwaue mbwa koko wote? La, hasha. Sumu haichagui: humwua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na huweza kuokotwa na kuku au mtoto. Tena, mabaki ya nyama yakiendelea kutupwa ovyo, mbwa wengine watakuja kujaza pengo. Kinachozuia ugonjwa kuenea ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kupunguza kuzaliana.

Hapo ndipo makao ya wanyama yanapofaa. Chama cha KSPCA, kilichoanza mwaka wa 1910, kina makao yake Karen, Nairobi. Kazi ya makao kama hayo ina utaratibu. Mnyama akipokelewa hutengwa kwanza, asije akawaambukiza wenzake. Daktari humpima, humpa dawa ya minyoo na kumwondolea kupe na viroboto. Kisha huchanjwa. Dume huhasiwa na jike hufungwa kizazi, maana jike mmoja aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Baada ya hayo hutafutiwa mlezi. Lakini hapewi mtu yeyote tu: boma hukaguliwa, ijulikane kama lina ua, kivuli, maji na mtu wa kumlisha.

Najua utaniuliza, "Watoto wetu walala njaa, wewe watuletea habari za mbwa?" Swali ni la haki. Lakini fikiri: mbwa huchanjwa sindano moja kwa mwaka, ilhali mtoto aliyeumwa huhitaji sindano kadhaa, na kila moja ni nauli ya kwenda hospitali na siku ya kazi iliyopotea kwa mzazi. Anayeumia zaidi ni maskini. Kumtunza mbwa, basi, ni kumhurumia mtoto.

Awasi haihitaji jumba la fahari. Yatosha ua wenye waya, kivuli, maji safi, vyumba vichache vya kuwatenga wanyama, na siku maalum ya daktari wa mifugo kila mwezi. Huduma za mifugo ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka wa 2013, kwa hivyo tujue pa kupeleka ombi letu. Wenye mabucha wafukie mabaki yao. Walezi hawatakosekana: mkulima wa miwa atapata mlinzi, na mwenye ghala la mpunga kule Ahero atapata paka wa kumaliza panya bila sumu.

Wakati tukingoja hayo, yashike haya. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na umalize sindano zote. Mbwa anayejulikana afungwe na kuchunguzwa kwa siku 10, lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uende hospitali.

Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Mpango huo hautatimizwa na maofisa peke yao. Wewe mwenye mbwa, mchanje akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wewe mwenye watoto wa mbwa usiowataka, usiwatupe sokoni usiku ukidhani umetatua shida. Umeihamishia kwa jirani, na jirani ana watoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.