Kuishi pamoja hakufuti ubovu wa mahali

Wapo watumishi wanaodai kwamba watu wakikubali kuishi pamoja, mahali si hoja. Dai hilo halina budi kupingwa, hasa katika nchi kavu kama Kinyangiri, mkoani Singida, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka.

Faida za kuishi pamoja hazibishaniwi. Mwalimu Nyerere alizieleza katika “Ujamaa Vijijini” mwaka 1967. Shule, zahanati na kisima haviwezi kuhudumia ipasavyo kaya zilizotawanyika maporini.

Lakini Novemba 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha, pupa ilichukua nafasi ya mipango. Mahali pengi nchini vijiji vilipangwa kandokando ya barabara, bila kupima maji, udongo wala malisho. Matokeo yake yanajulikana: mashamba ya karibu yalichoka, kuni ziliadimika, mifugo ilisongamana, na mkulima alipoteza asubuhi yake njiani akielekea shamba la zamani. Mpango wa mwaka 1971 uliahidi maji ndani ya mita 400 kwa kila mwanakijiji ifikapo mwaka 1991. Ahadi hiyo haikutimia. Aliyeacha chemchemi kwa kutumaini bomba alibaki na ndoo yake.

Wengine huyatumia makosa hayo kulaani kuishi pamoja kwenyewe. Nao wanapotoka. Wakulima wa Litowa, mkoani Ruvuma, waliishi na kulima pamoja kwa hiari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakiamua mambo yao wenyewe. Chama chao hakikufa kwa kushindwa kazi. Kilivunjwa kwa amri mwaka 1969.

Funzo ni moja: umoja hauongezi maji kisimani, na amri hairutubishi udongo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi. Kwa hiyo kabla ya kuchora ramani ya makazi, shule au kisima, mtaalamu na awaulize kwanza wazee na akina mama wachotao maji. Wao ndio wajuao kisima kipi hukauka kiangazi, na bonde lipi hufurika masika. Mtumishi anayepuuza ujuzi huo hawaletei wananchi maendeleo. Anawatwisha mzigo wa makosa yake.