Seva ya hesabu: kanuni ya 'mara mbili' imepitwa na wakati

Wafanyabiashara wanaonunua seva ya hesabu bado wanauziwa kanuni ya miaka ya 1990: kumbukumbu pepe, yaani ile sehemu ya diski inayosaidia RAM inapojaa, iwe mara moja na nusu au mara mbili ya RAM. Enzi hizo RAM ilihesabiwa kwa megabaiti na kanuni ilikuwa na maana. Leo seva ya duka la jumla inaweza kuwa na gigabaiti 32. Mara mbili yake ni 64. Za kazi gani?

RAM ni kaunta, diski ni ghala la mbali. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, sawa na mara laki moja zaidi. SSD ni nafuu, lakini nayo iko nyuma sana. Kabla seva haijamaliza hizo gigabaiti 64, mteja ameshahamia duka la jirani.

Wapo pia wanaoiweka sifuri. Hao nao wanacheza na mali yao. Kwenye Windows, RAM na faili hilo la diski kwa pamoja ndizo kikomo cha kumbukumbu zinazoweza kupewa programu zote; kikifikiwa, programu inayoomba zaidi hunyimwa. Linux ikiishiwa huua programu mojawapo, na mara nyingi huchagua iliyo kubwa. Kwa mwenye duka, kubwa ndiyo hifadhidata ya mauzo na stoku!

Dawa ni kupima, na kupima siku za pilikapilika: mwisho wa mwezi, au kabla ya tarehe 20 ritani za VAT zinapotayarishwa. (Wauzaji hupenda kupima Jumapili, duka limefungwa.) Tuseme matumizi ya juu kabisa ni gigabaiti 40 na RAM ni 32. Pengo ni 8. Ongeza akiba kidogo, weka 12. Matumizi yakiwa chini ya RAM, 4 zinatosha. Red Hat nao hushauri angalau 4 kwa mashine yenye RAM inayozidi gigabaiti 8.

Seva ikishinda kutwa ikihamisha mzigo kati ya RAM na diski, usikubali kuongezewa faili. Fedha hiyo nunulia RAM, na kabla ya kulipia profoma mdai muuzaji takwimu za vipimo.