Bima ya Safari: Usifiche Maradhi Yako
Mkazi wa Mafia anajua gharama ya umbali: mgonjwa akizidiwa Kilindoni, huvushwa bahari hadi Nyamisati au hupelekwa Dar es Salaam kwa ndege. Ughaibuni umbali huo huzidi maradufu. Nchi za Schengen humtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, itakayogharimia tiba ya dharura na kurejeshwa nyumbani, hata akifariki. Wengi huchagua bima iliyo rahisi kuliko zote, na kuficha shinikizo la damu au kisukari. Naliona hilo kosa kubwa, kwani ugonjwa uliofichwa huweza kubatilisha dai. Msafiri ataje maradhi yake, asome yasiyogharimiwa, ndipo alipie. Nasi madaktari tumwandikie muhtasari wa maradhi na dawa zake.