Kumbukumbu Isiyotaja Chanzo

Modeli ya lugha haimkumbuki mtu. Mazungumzo yakishafungwa, kinachobaki ndani yake ni kile ilichofunzwa kabla hujaiuliza swali la kwanza. Jina lako, kazi yako na shida uliyoieleza jana havimo. Kwa hiyo wakala wa akili unde, yaani programu inayokabidhiwa kazi na kuitekeleza hatua kwa hatua, hana budi kutunziwa kumbukumbu mahali pengine na kurudishiwa kila anapoanza upya. Wako wahandisi wanaohifadhi mazungumzo kama yalivyo, kisha wakatafuta vipande vinavyokaribiana na swali. Wengine huyachambua kwanza na kuyapanga katika muundo wa watu, vitu na uhusiano wao. Uamuzi huo umeachiwa wahandisi peke yao, nami naona hilo ni kosa. Namna ya kuhifadhi ndiyo inayoamua kama mtu anayekumbukwa ataweza kuuliza, “Hili mmelitoa wapi?” akapata jibu.

Tuangalie zana moja inayojulikana. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki huria, Model Context Protocol, ya kuunganisha modeli na zana za nje, pamoja na seva kadhaa za mfano. Mojawapo ni ya kumbukumbu. Huhifadhi vitu (mtu, taasisi, tukio), uhusiano kati yao, na maelezo mafupi yanayoambatishwa kwenye kila kitu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akizungumza na wakala wa ushauri, yeye huwa kitu kimoja, chama chake cha ushirika kitu kingine, uanachama wake ni uhusiano, na habari kwamba mibuni yake ina kutu ya majani ni maelezo. Yote hukaa katika faili linaloweza kufunguliwa na kusomwa. Hiyo ni hatua kubwa, maana habari iliyotawanyika katika mazungumzo ishirini haiwezi kusahihishwa mpaka ipatikane kote ilikotajwa. Hata hivyo maelezo yenyewe ni sentensi tupu. Muundo huo wa awali haukuweka sehemu maalumu ya tarehe wala ya aliyesema. Mkulima akiing’oa mibuni ile na kupanda mipya, sentensi ya kutu itaendelea kukaa pale na wakala ataendelea kumshauri kuhusu ugonjwa usiokuwepo.

Masijala ya ofisi ya serikali ililitatua tatizo hili zamani. Kila barua inayoingia kwenye faili hupewa namba ya folio, ina tarehe, na aliyeiandika anajulikana. Barua mpya ikitengua uamuzi wa awali, ile ya zamani haichomolewi. Kanzidata ya Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, inafuata nidhamu inayofanana na hiyo: kauli inaweza kubeba chanzo chake, mwanzo na mwisho wa uhalali wake, na daraja la kuonyesha kama bado inafaa kutumiwa. Burundi ilipouhamishia mji mkuu wake wa kisiasa Gitega mwaka 2019, kauli kuhusu Bujumbura haikugeuka uongo, ilipata ukomo. Zana huria ya Graphiti imeuleta utaratibu huo kwa mawakala, kwa kuuwekea kila uhusiano muda ulioanza na muda uliokoma kuwa kweli. Hicho ndicho kiwango ninachodai kwa wakala yeyote anayehudumia umma.

Wako wanaosema muundo hauhitajiki tena. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilipokea takriban tokeni 2,000, yaani vipande vya maneno, kwa mara moja; Gemini 1.5 ya mwaka 2024 ilifikia milioni moja. Basi, wanasema, wakala apewe mazungumzo yote ayasome upya. Lakini utafiti wa mwaka 2023 wa Nelson Liu na wenzake ulionyesha kwamba modeli walizozipima zilipitwa kwa urahisi na habari iliyokaa katikati ya matini ndefu. Huenda udhaifu huo ukaisha. Hata ukiisha, kusoma kila kitu si sawa na kujua kipi kilishatenguliwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba muundo huipa dhana sura ya uhakika. Siku hizi anayejaza vitu na uhusiano kwa kawaida ni modeli yenyewe, nayo hukosea. Kwetu watu wengi hujulikana kwa jina lao na la baba; katika kata moja wanaweza kuwapo akina Juma Hamisi kadhaa, na ndugu wa baba mmoja wote wakaitwa Hamisi mwishoni. Mfumo uliozoea majina ya ukoo unaweza kuwaunganisha watu wawili kuwa kitu kimoja, na mkopo wa mmoja ukamwandama mwenzake, umeandikwa kwa unadhifu unaomfanya karani asitie shaka. Nalikubali pingamizi hili kabisa. Lakini kosa hilo hutokea hata katika rundo la matini, ila humo halionekani. Palipo na chanzo na tarehe, Juma aliyeonewa anaweza kuonyesha kwamba aliyekopa tarehe hiyo hakuwa yeye.

Kuna pia hofu ya udukuzi na upelelezi: kumbukumbu iliyopangwa vizuri humrahisishia kazi mwenye nia mbaya. Ni hofu ya haki, na ndiyo sababu habari za afya au za siasa zisihifadhiwe kabisa pasipo ulazima. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinampa mtu haki ya kudai taarifa zake potofu zisahihishwe. Haki hiyo inahitaji kitu cha kushika: kauli moja inayoonekana, inayoweza kufutwa ikafutika. Hospitali, benki au halmashauri inayonunua wakala mwenye kumbukumbu iweke sharti hilo kwenye zabuni, na imwezeshe mhusika kusomewa kumbukumbu zake kwa Kiswahili hata kwa simu ya kitochi, bila kumtafuta mtaalamu wa kompyuta wa kumwombea.