Nani Aliyegawa Ardhi ya Ziwa?



Imekuwa desturi, sokoni, ndani ya matatu na hata nje ya kanisa baada ya ibada, kuwacheka wataalamu wa mazingira. Si walituambia maziwa ya Bonde la Ufa yanakufa? Nakuru ilikauka karibu yote katikati ya miaka ya 1990. Naivasha ilipungua mno mwaka 2009, na waandishi wakaiandikia tanzia. Kisha maji yakapanda. Nakuru imetanuka kutoka takriban kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60 na kulimeza lango kuu la mbuga. Baringo imefunika shule, zahanati na mashamba. Basi, husemwa, wataalamu ni waongo.

Dhihaka hiyo twaielewa, maana wapo walionena kwa uhakika usiostahili. Lakini yamfaa nani? Haimfai mama wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, ambako maji yaliingia nyumbani mwa watu mwaka 2020. Yamfaa aliyeuza viwanja ufuoni na aliyeviidhinisha.

Naivasha haikukosa kumbukumbu. Mpaka wa ardhi ya ziwa ulifuata kimo cha maji cha mwaka 1906, na mapatano ya mwaka 1933 yaliwaruhusu wenye mashamba kulima chini ya mpaka huo maji yarudipo nyuma, bali si kujenga majengo ya kudumu. Hata wakoloni, ambao hatuna deni la sifa kwao, walijua kwamba maji yaliyoondoka yaweza kurudi. Iweje watawala wetu wasijue?

Tupande mlimani kidogo. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kuondoa takriban hekta 67,000 katika hifadhi ya misitu, zaidi ya 35,000 kati yake zikiwa Mau Mashariki, unakotoka mto Njoro uingiao Ziwa Nakuru. Waliopinga hawakuonya juu ya ukame peke yake. Mteremko uliofyekwa huleta mto mkavu wakati wa kiangazi, na mafuriko ya matope wakati wa masika. Yusufu naye alimwonya Farao juu ya shibe na njaa kwa pamoja. Hatujasikia kwamba aliitwa mwongo kwa sababu miaka ya shibe ilitangulia.

Ripoti ya Serikali yenyewe ya mwaka 2021 ilitaja mvua zilizozidi, uharibifu wa vyanzo vya maji na mageuko ya ardhi chini ya Bonde, ikahesabu kaya zaidi ya 75,000 zilizoathirika. Mvua haishtakiwi mahakamani. Afisa aliyetia mhuri hushtakiwa. Kwa hiyo kiongozi apandapo jukwaani na kusema haya ni mapenzi ya Mungu, kanisa lisimwitikie Amina.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, yahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Twadai ichapishwe orodha ya kila hatimiliki iliyotolewa chini ya mpaka wa 1906: jina la aliyepewa kwanza, tarehe, na sahihi ya aliyeidhinisha. Orodha ya pili iwe ya Mau Mashariki. Nayo makanisa yaliyowapokea waliohama yaanze kukusanya nakala za karatasi za viwanja vyao, kabla hazijaoza kwa unyevu.