Kipaimara Si Mwisho wa Kazi



Mwezi huu tuzungumze juu ya vijana wetu waliokwisha kupata kipaimara. Wadogo tumewazungumzia sana: chanjo, lishe, sala za jioni. Lakini kijana akishawekewa mikono na Askofu na kupigwa picha na nguo zake nyeupe, wengi wetu huona kazi imekwisha. Tunapika pilau, tunamshukuru Mungu, kisha tunawageukia wadogo zake. Kumbe kwa jinsi tulivyoona sisi hapa Kitaji, mjini Musoma, hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuwasimulie jambo moja. Tumebadili mambo machache ili mwenyewe asitambulike, naye ameridhia tulisimulie.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi siku za wiki na kufundisha vijana kanisani Jumamosi hukutana na watoto wale wale mahali pawili. Siku moja aliingia chumbani kwetu binti wa kidato cha tatu, tuliyemfundisha sisi wenyewe. Darasani alikuwa wa kwanza kwa kujibu. "Shikamoo, mama," alisema, kisha akanyamaza muda mrefu. Kipimo kilionyesha kwamba ana mimba. Neno lake la kwanza halikuwa juu ya shule wala juu ya kijana aliyehusika. Alisema, "Naomba usimwambie mama." Mama yake ni mwenzetu katika umoja wa akina mama, na Jumapili tunakaa naye benchi moja.

Tukamwuliza kwa nini hakuja kwetu mapema, kijana yule alipoanza kumfuatafuata. Akajibu kwa upole, bila kutulaumu: "Sikujua kama inaruhusiwa kuuliza. Mlikuwa mnauliza ninyi, sisi tunajibu."

Usiku ule usingizi haukuja upesi. Ilikuwa kweli. Miaka mitatu tulimfundisha Amri Kumi kwa mpangilio, naye alizijua kuliko baadhi ya wazee wa kanisa. Ile inayokataza uzinzi tuliipita haraka haraka, kwa aibu, tukaenda kwenye wizi. Wizi ni rahisi kufundisha.

Katika uuguzi tunajua kwamba mwili wa kijana hukomaa mapema kuliko ubongo wake. Ile sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo kabla mtu hajatenda, huendelea kukomaa hadi umri wa kama miaka 25. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 anaweza kubeba mimba, wakati uwezo wake wa kupima hatari bado unakua. Hatusemi hivyo ili kuhalalisha dhambi, la hasha. Tunasema ili mama aelewe kwamba kijana anahitaji mtu mzima wa kufikiri pamoja naye, na kwamba aliyekaririshwa tu hana wa kufikiri naye.

Mama mmoja muuza dagaa wa Bunda alitujia analia. Mwanawe amerudi kutoka chuo Mwanza, na anasema hajui kama Mungu husikia maombi. Alitaka aombewe atolewe pepo. Tukamwuliza hayo yalianza lini. Akafikiri kidogo, akasema, tangu mdogo wake alipofariki kwa malaria. Nyumba nzima ilikuwa imefunga na kuomba kwa ajili ya yule mtoto, na baada ya mazishi hakuna aliyemtaja tena mbele ya kaka yake. Akina mama, hatukuona pepo pale. Tuliona msiba ambao kijana hakupewa nafasi ya kuuzungumza. Tulimshauri mama aanze na jina la marehemu, amtaje mezani, halafu amsikilize mwanawe hata kama maneno yatamchoma.

Wanaodhani kuuliza na kusitasita ni kuasi wamkumbuke jirani yetu wa Butiama. Kambarage Nyerere alizaliwa mwaka 1922 katika boma la Mtemi Burito wa Wazanaki, lililofuata dini ya jadi. Hakubatizwa mchanga. Alianza shule akiwa na miaka 12, hapa hapa Musoma, pale Mwisenge, akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943. Tarehe 23 Desemba ya mwaka huo, yeye sasa ni kijana wa miaka 21, alibatizwa Nyegina, misheni iliyo karibu na mji wetu, akaitwa Julius. Miaka yote ile ya shule alikuwa na muda wa kusikiliza, kupima na kuamua mwenyewe. Imani aliyoichagua namna hiyo hakuiacha katika siasa wala katika uzee; mwaka 1996, akiwa mstaafu, zilichapwa tenzi alizozitunga kutokana na Injili na Matendo ya Mitume. Hatusemi tuache kuwabatiza watoto wetu wachanga. Tunasema kwamba mtoto aliyebatizwa mchanga naye atafika siku yake ya kuchagua, na siku hiyo mama hawezi kumchagulia.

Hata Mariamu yalimpata. Mwanawe wa miaka 12 alipotea siku tatu, akaonekana Hekaluni anasikiliza na kuwauliza walimu maswali. Jibu alilompa mama yake halikueleweka. Luka anatuambia mama huyo aliyaweka moyoni. Sisi wengine tungekwisha kuchukua fimbo.

Na hapa Mara jambo hili si la maneno tu. Kila Desemba shule zinapofungwa, wako wasichana, hasa Tarime, Serengeti na sehemu za Butiama, wanaotakiwa wakeketwe, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kwa aliye chini ya miaka 18. Anayemshika mkono mara nyingi si mgeni. Ni shangazi, ni bibi anayempenda. Nyumba salama za Mugumu na Kiabakari zimepokea wasichana wengi waliokimbia. Kumkatalia bibi yako kwa heshima na kwa uthabiti, ukiwa na miaka 13, ni jambo la imani iliyokomaa. Mtoto ambaye nyumbani hajawahi kuruhusiwa kusema "hapana, kwa sababu hii na hii", atayatoa wapi maneno hayo siku ile?

Tulibadili Jumamosi zetu. Nusu saa ya kwanza ni yao. Tuliweka kopo tupu la maziwa ya unga, wanatumbukiza karatasi bila majina. Siku ya kwanza tulipata karatasi tatu, na moja haikuandikwa kitu. Sasa kopo halitoshi, na mchungaji huja mara moja kwa mwezi kujibu yaliyotushinda, ambayo ni mengi. Nyumbani, tumeona kijana husema zaidi mikono ikiwa kazini: mnachambua dagaa, mnamenya mihogo, hamtazamani usoni. Mezani mbele ya baba hatasema. Na ukiwa hujui jibu, sema, "Sijui, mwanangu, tukaulize." Hutapungua kitu.

Jambo moja tunaliomba sana, nalo linatuhusu sisi wenyewe. Aliyokuambia mwanao usiyapeleke kwenye umoja yakiwa "ombi la maombi". Tunajua jinsi maombi hayo yanavyotembea hadi sokoni kabla ya jioni. Kijana akisikia siri yake kwa mtu mwingine, hatakuambia ya pili.

Yule binti hatukumsemea. Tulimsindikiza. Ilimchukua siku tisa, nasi tukakaa naye sebuleni kwao alipomwambia mama yake mwenyewe. Mama alinyamaza, akatoka nje, akarudi na maji ya kunywa ya binti yake. Shule alirudi baada ya kujifungua, kwa kuwa tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu. Kwaya hajarudi, anasema bado, nasi hatumsukumi. Jumamosi huja, hukaa nyuma karibu na mlango, na mtoto hubaki mgongoni mwa bibi yake.