Toni si pambo la lugha

Sikio lililolelewa na Kiswahili huona toni kuwa lafudhi tu. Kwetu sauti ikipanda, "amekuja" huwa swali, lakini neno ni lilelile. Hapo Kiswahili ndicho kilichojitenga na nduguze, kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu hutenganisha maneno kwa toni. Chukua Kilokele, lugha ya kando ya mto Kongo karibu na Kisangani. "Lisaka" ikitamkwa yote kwa sauti ya chini ni dimbwi. Silabi ya mwisho ikipanda ni ahadi. Zikipanda mbili za mwisho ni sumu. Mmisionari John Carrington, aliyechapisha kitabu kuhusu ngoma za huko mwaka 1949, alieleza kuwa "alambaka boili" ni ama mtu alitazama ukingo wa mto, ama alimchemsha mama mkwe. (Mkwe yeyote angetaka hapo asikiwe vizuri.) Ngoma hizo za gogo, zenye mlio wa juu na wa chini, zilipeleka habari kijiji hadi kijiji kwa kufuata toni za maneno, bila konsonanti wala irabu.

Ndiyo maana naona ni kosa kuziandika lugha hizi bila alama za toni. Katika Kilingala, "moto" ni mtu na "motó" ni kichwa, ila maandishi ya kila siku hayaweki alama hiyo. Wapo watakaosema muktadha unatosha. Basi na tuandike Kiswahili bila irabu: "mt" ni mtu, mti au mto? Mara nyingi tungebahatisha sawa, lakini hakuna mwalimu angekubali mtoto aanze kusoma hivyo. Hoja nzito zaidi ni ya mwanaisimu Steven Bird, ambaye jaribio lake la Kamerun, lililochapishwa mwaka 1999, lilionyesha kwamba alama za toni ziliwapunguzia wasomaji wepesi wa kusoma. Sipuuzi matokeo hayo. Ila yanapinga namna fulani ya kuweka alama, si alama zenyewe, kwani Vietnam huchapa toni zake kwenye magazeti kila siku na watu husoma bila taabu. Alama ziwekwe pale maana zinapogongana, na zifundishwe mapema. Wahariri wa magazeti wanaweza kujiamulia. Kamusi na vitabu vya darasa la kwanza havina udhuru.